Kabla hujanunua ruta mpya: kupima na kuboresha Wi-Fi ya nyumbani hatua kwa hatua

Shemeji yangu wa Tabata alinipigia Jumamosi moja asubuhi, sauti yake imejaa uchungu wa mtu aliyetoa pesa na asione alichokinunua. Jana yake alikuwa ametoka Kariakoo na ruta yenye antena sita. Kwenye boksi pameandikwa AX3000.

"Shemeji, nimeambiwa hii inakimbia elfu tatu. Mbona nikipima naona 19?"

Nikamuuliza kifurushi chake cha faiba ni cha ngapi. Akasema cha megabiti 20. Ruta yake ilikuwa nzima, na kampuni ilikuwa inampa alicholipia. Kilichokosekana ni mtu wa kumweleza mapema kwamba ruta haiongezi intaneti. Inaigawa tu ile iliyokwisha kufika ndani ya nyumba.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na wengine walio njiani kwenda dukani. Mfano nitakaoutumia ni nyumba yangu: vyumba vitatu, kuta za tofali za saruji, jiko lipo uani, faiba ya megabiti 40. Kwa miezi mingi sebuleni tulikuwa vizuri, chumba cha watoto kikisuasua, na jikoni simu ya video haikumaliza dakika mbili bila kuganda. Nilitaka kupandisha kifurushi. Nashukuru sikufanya hivyo kabla ya kupima.

Namba za kasi zina maana gani

Mbps ni megabiti kwa sekunde. Biti nane hufanya baiti moja, na mafaili ya simu na kompyuta hupimwa kwa baiti. Kwa hiyo gawanya kwa 8: megabiti 40 kwa sekunde ni megabaiti 5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 1 itachukua sekunde 200 hivi, dakika tatu na ushee, kama hakuna mwingine anayetumia. Herufi b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Ukiona kompyuta inapakua kwa 5 MB/s na kifurushi chako ni cha 40 Mbps, umepata chote.

Nyumba inahitaji kiasi gani? Netflix wenyewe wanashauri 5 Mbps kwa picha ya 1080p na 15 Mbps kwa 4K. Zoom wanataja 1.2 Mbps kwenda na kurudi kwa video ya 720p ya watu wawili. Jumlisha televisheni moja ya 1080p, simu mbili za vijana zinazoangalia video na mzazi mmoja aliye kwenye kikao: hazifiki 20. Familia nyingi zenye kifurushi cha 20 hadi 40 hazina upungufu wa kasi inayoingia. Wanachokosa ni njia ya kuifikisha kasi hiyo chumbani.

Halafu kuna kipimo cha pili ambacho watu hukiruka, nacho ni ucheleweshaji. Programu za kupimia hukiita ping na hukihesabu kwa milisekunde. Fikiria safari ya Mbezi hadi Kariakoo. Basi hubeba watu wengi kwa mara moja, bodaboda hubeba mmoja ila hufika mapema. Megabiti ni viti vya basi. Ucheleweshaji ni muda wa safari. Kupakua filamu kunataka viti. Simu ya video, mchezo wa mtandaoni na hata kufungua ukurasa wa benki kunataka safari fupi. Ndiyo maana mtu mwenye 100 Mbps anaweza kulalamika kwamba simu zake zinakatika, na akawa anasema kweli.

Sehemu ya ucheleweshaji haipunguziki kwa ruta yoyote. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 75, na mkongo wa baharini haupiti mstari ulionyooka. Ping ya 150 kwenda Ulaya ni ya kawaida. Ping ya 150 kwenda kituo cha kupimia kilichopo Dar hiyohiyo ni ugonjwa wa nyumbani au wa mtoa huduma.

Zile elfu tatu za kwenye boksi

Ruta nyingi za siku hizi zina redio mbili, moja ya masafa ya 2.4 GHz na nyingine ya 5 GHz. Watengenezaji hujumlisha kasi ya juu kabisa ya redio zote mbili na kuandika jumla. AX3000 ni 574 kwa 2.4 GHz na 2,402 kwa 5 GHz. AX1800 ni 574 na 1,201. AC1200 ni 300 na 867. Simu yako kwa kawaida hushika redio moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla ile haimfikii mtu yeyote.

Tena hizo ni kasi za mawimbi hewani. Ukitoa muda wa vifaa kupeana zamu na kuthibitisha kilichopokelewa, hubaki nusu au theluthi mbili. Simu yenye antena mbili na Wi-Fi 6 huunganishwa kwa 1,201 ikiwa karibu na ruta. Simu ya bei ndogo yenye antena moja na 2.4 GHz pekee huishia 72, na hapo mtumiaji huambulia 30 au 40. Simu ya namna hiyo haitabadilika hata ukiiwekea ruta ya milioni moja. Angalia kwanza mnachoshika mkononi.

Herufi nazo zina ukoo wake. Mwaka 2018 Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni unaothibitisha vifaa vya Wi-Fi, iliamua kutumia namba badala ya herufi: N ikawa Wi-Fi 4, AC ikawa Wi-Fi 5, AX ikawa Wi-Fi 6. Wi-Fi 7 ilianza kuthibitishwa Januari 2024. N ni kiwango cha mwaka 2009, na ruta zake ndogo za N300 bado zinauzwa na bado zinafungwa majumbani na mafundi wa faiba.

Jambo moja zaidi, maana ndilo linaloeleza nyumba nyingi. Wi-Fi ni kama bomba la maji la mtaa: mnachota kwa zamu. Akija mtu mwenye dumu la mdomo mwembamba, anajaza polepole na foleni yote inamsubiri. Kifaa kilicho mbali, chenye mawimbi dhaifu, ndicho dumu hilo. Televisheni ya chumba cha mwisho ikivuta video kwa kasi ya 6, inakula muda wa hewani wa simu iliyo sebuleni hatua mbili kutoka kwenye ruta. Ukitibu kona mbovu, hata kona nzuri hupona.

Pima kwanza, na uandike

Chukua karatasi. Utahitaji kompyuta yenye tundu la waya wa mtandao. Kama huna, azima kwa saa moja. Tumia Speedtest au fast.com, lakini usichanganye: chagua moja, na kama ni Speedtest chagua kituo kilekile kila mara.

Kipimo cha kwanza ni kwa waya. Chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, zima Wi-Fi ya kompyuta, omba wote nyumbani waache kutumia kwa dakika tano. Pima mara tatu. Fanya hivyo asubuhi na tena saa tatu usiku, wakati mtaa mzima upo mtandaoni. Andika kupakua, kupakia na ping. Kwangu ilikuwa 39 asubuhi, 37 usiku, ping 4.

Kipimo cha pili ni cha Wi-Fi, simu moja ileile, chumba kwa chumba, milango ikiwa katika hali yake ya kawaida. Kwangu: sebuleni 36, chumbani kwetu 22, kwa watoto 6, jikoni 3.

Sasa soma karatasi yako.

Ikiwa kwa waya unapata pungufu sana ya ulicholipia, mchana au usiku, shida haipo kwenye Wi-Fi. Badili waya uliopo kati ya kiboksi cha faiba na ruta, pima tena, na ikibaki hivyo mpigie mtoa huduma ukiwa na namba zako. Mhudumu wa simu anayeambiwa "intaneti inasumbua" atakwambia zima uwashe. Akiambiwa "nimepima kwa waya mara sita siku mbili, kifurushi ni 40, napata 14 usiku na 38 asubuhi," anafungua tiketi kwa fundi.

Ikiwa unalipia 100 au zaidi na namba inagota kwenye 93 au 95 bila kupita, umekutana na poti, yaani tundu la waya wa mtandao, ya megabiti 100. Ruta nyingi za zamani zina poti hizo. Au poti ni za gigabiti lakini waya una uzi mmoja uliokatika: kasi ya megabiti 100 hutumia nyuzi nne kati ya nane zilizomo, gigabiti hutumia zote nane, na uzi mmoja ukikosekana vifaa hushuka kimyakimya hadi 100.

Ikiwa kwa waya ni vizuri na vyumbani ni vibaya, kama kwangu, kupandisha kifurushi ni kumwaga pesa. Kazi ipo ndani ya nyumba.

Kuna na hali ya nne: kila namba ni nzuri lakini mitandao ya nje inajikokota. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Wapo walioanza kufungua ruta zao kwa bisibisi. Kabla ya kugusa chochote, uliza jirani anayetumia mtoa huduma mwingine.

Kipimo cha mwisho ni cha ping wakati njia imejaa. Speedtest huonyesha ping tatu: ya kutulia, ya wakati wa kupakua na ya wakati wa kupakia. Ukiona 5 inapanda hadi 300 wakati wa kupakia, umejua kwa nini kikao chako kinakatika mara simu ya mtu inapoanza kutuma picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ruta inapanga foleni ndefu kupita kiasi, na sauti yako imekwama nyuma ya picha za harusi. Dawa yake nitaitaja kwenye kununua.

Yanayofanyika bila kutoa hata shilingi

Anza na mahali ruta ilipo. Fundi wa faiba hutoboa ukuta ulio karibu na nguzo, na ruta hubaki hapohapo, mara nyingi nyuma ya televisheni. Yangu ilikuwa hivyo, pembeni kabisa mwa nyumba, nusu ya mawimbi yake yakienda kwa majirani. Kiboksi cha faiba kiache palepale, maana waya wake wa kioo haupendi kukunjwa. Toa waya wa mtandao kutoka kwenye kiboksi hadi katikati ya nyumba, na ruta uiweke juu, kwenye korido kama ipo, kimo cha kichwa au zaidi. Iweke mbali na friji, kioo kikubwa, tangi la maji na kabati la chuma. Ukuta wa saruji wenye nondo ni adui mkubwa wa 5 GHz, na mawimbi yanayopita kuta mbili kwa mshazari hukutana na saruji nene kuliko yanayopita moja kwa moja. Mimi nilihamisha ruta kwa waya wa mita 12. Chumba cha watoto kilitoka 6 hadi 17 siku hiyohiyo, kwa ruta ileile ya zamani.

Pili, chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta hurushia mawimbi yake. Weka simuni programu ya kuchunguza mawimbi, kama WiFi Analyzer ya Android, uone majirani wamekaa wapi. Kwenye 2.4 GHz ni chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Chagua yenye majirani wachache au walio mbali, na upana uweke 20 MHz. Najua 40 inavutia kwa kuwa ni kubwa, lakini mahali penye nyumba zilizobanana inakukutanisha na kelele za watu wengi zaidi. Kwenye 5 GHz tumia upana wa 80, na chaneli 36 hadi 48 kama huna sababu nyingine. Nyingi za juu yake hutumiwa pia na rada. Ruta ikisikia rada hulazimika kuhama, na ninyi mtaona Wi-Fi imepotea kwa dakika moja hivi bila maelezo.

Programu hiyo pia hukuonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba hasi. Karibu na sifuri ndiyo nguvu: −50 ni nzuri sana, −67 inatosha kwa simu ya video, −80 ni ya kubahatisha. Iandike kwenye karatasi yako kwa kila chumba.

Tatu, angalia nani yumo. Ingia kwenye ukurasa wa ruta. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko cha chini, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na baadhi ya viboksi vya faiba ni 192.168.100.1. Fungua orodha ya vifaa. Nyumbani kwetu tulikuwa na vifaa 23, na 6 kati yake hatukuvijua. Tulibadilisha nenosiri jioni hiyo.

Ukiamua kununua

Nitasema wazi msimamo wangu: kwa nyumba ya kawaida ya hapa kwetu, ruta ya Wi-Fi 6 ya daraja la AX1500 hadi AX3000 inatosha kwa miaka mingi. Wi-Fi 7 ni nzuri, lakini inalipa pale ambapo simu na kompyuta zako nazo ni za Wi-Fi 7 na kifurushi ni cha mamia ya megabiti. Antena nyingi za nje hazikupi uhakika wa chochote. Soma karatasi ya vipimo, acha umbo.

Poti zote ziwe za gigabiti. Hakikisha hasa ile ya kuingizia intaneti, ambayo huandikwa WAN na mara nyingi ina rangi tofauti na nyingine. Wapo wauzaji wenye ruta za AC1200 ambazo poti zake bado ni za megabiti 100, na neno hilo limefichwa kwenye maandishi madogo.

Iwe na WPA3, mfumo wa usalama uliotangazwa mwaka 2018. Iwe ya mtengenezaji anayeendelea kutoa masasisho. Ingia kwenye tovuti yake kabla ya kulipa, tafuta modeli hiyo, uone sasisho la mwisho ni la lini. Modeli isiyopata sasisho kwa miaka mitatu iache hapo dukani.

Kwa wale wenye ping inayopanda njia ikijaa, tafuta ruta yenye SQM (mfumo wa kupanga foleni ya data), au inayokubali OpenWrt, programu huria ya ruta iliyoanza mwaka 2004. Unaiambia kasi yako halisi ukipunguza kidogo, tuseme 36 kwa kifurushi cha 40, nayo hupanga foleni kwa haki ili sauti ya simu isisubiri nyuma ya mafaili. Katika mambo yote niliyoyajaribu nyumbani, hili ndilo lililobadilisha vikao vyangu vya kazi zaidi ya kasi yoyote.

Anayetumia intaneti ya laini ya simu anahitaji ruta tofauti, yenye tundu la laini. Kwake mahali pa ruta huamuliwa na mnara: dirishani, upande unaoelekea mnara, hata kama si katikati ya nyumba. Ukurasa wa ruta una kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara kiitwacho RSRP. −80 ni kizuri, −110 ni kibaya. Zungusha, subiri nusu dakika, soma tena.

Umeme usiusahau. Ruta nyingi hutumia volti 12, na betri ndogo za kuhifadhi umeme wa ruta zinapatikana kwa urahisi. Soma kibandiko cha adapta ya ruta na cha kiboksi cha faiba, kwa sababu umeme ukikatika vyote viwili vinatakiwa kuwaka. Betri iliyoandikwa 8,800 mAh kwa volti 3.7 ina kama wati-saa 32. Kiboksi na ruta vikila wati 12 kwa pamoja, ukitoa upotevu, utapata saa mbili na kidogo. Volti lazima zilingane. Ampea za betri ziwe sawa au zaidi. Adapta ya volti 12 kwenye kifaa cha volti 9 inaweza kukiunguza mara moja.

Kuifunga

Usichomoe ya zamani kabla hujapiga picha ukurasa wake wa mipangilio ya intaneti. Unachotafuta ni aina ya muunganisho. Kama ni PPPoE, kuna jina la mtumiaji na nenosiri ulivyopewa na mtoa huduma. Ukivikosa, mwombe kwa simu kabla ya kuanza. Wengine hutumia namba ya VLAN, inayotenganisha huduma kwenye waya mmoja, nayo iandike. Na wengine huifungia huduma kwenye namba ya utambulisho ya ruta ya kwanza, ile iitwayo MAC. Hapo ama uwaombe waisajili mpya, au unakili ile ya zamani kwenye menyu ya ruta mpya.

Halafu fuata mpangilio huu. Zima kiboksi na ruta. Chomeka waya kutoka kiboksi hadi poti ya WAN ya ruta mpya. Washa kiboksi, subiri dakika mbili taa zake zitulie, kisha washa ruta. Ingia kwenye ukurasa wake kwa simu au kompyuta, na kabla ya kitu kingine badilisha nenosiri la msimamizi. Hili ni la kuingilia kwenye mipangilio, tofauti na lile la Wi-Fi. Weka taarifa za muunganisho. Intaneti ikipatikana, sasisha programu ya ruta palepale na uisubiri bila kugusa umeme.

Jina la Wi-Fi na nenosiri lake: ukitumia yaleyale ya zamani, simu, televisheni na printa zote zitajiunga zenyewe na hutazunguka nyumba nzima ukiandika. Fanya hivyo tu kama nenosiri la zamani lilikuwa refu na halijasambaa mtaani. Chagua usalama wa WPA2 (uliotangulia WPA3) na WPA3 kwa pamoja. Kifaa cha zamani kikigoma kuingia, shusha hadi WPA2 na usishuke zaidi. WEP, mfumo wa zamani zaidi wa usalama, ilivunjwa tangu 2001. WPS, ile ya kubonyeza kitufe au kuweka pini, izime. Udhaifu wa pini yake uliwekwa hadharani Desemba 2011. Fungua mtandao wa wageni wenye jina lake, na uwape huo mafundi, wageni na kamera za bei rahisi.

Wenye kiboksi cha faiba ambacho chenyewe kinatoa Wi-Fi wana tahadhari ya ziada. Ukichomeka ruta mpya nyuma yake unakuwa na ruta mbili zinazogawa anwani, moja ndani ya nyingine. Utalijua hilo ukiona anwani ya WAN ya ruta mpya inaanza na 192.168. Baadhi ya michezo na kamera zitagoma, na kama zote mbili zinatumia anwani za 192.168.1, intaneti inaweza isifanye kazi kabisa. Mwombe mtoa huduma aweke kiboksi katika hali ya daraja, inayoandikwa Bridge, ili ruta yako ibebe kazi yote. Akikataa, iweke ruta yako katika hali ya akses pointi, yaani irushe Wi-Fi tu bila kugawa anwani, na uzime Wi-Fi ya kiboksi.

Pima tena, kwa karatasi ileile. Kwangu, ruta ya AX1800 koridoni: sebuleni 38, chumbani kwetu 38, kwa watoto 37. Jikoni 9.

Kona iliyobaki

Jiko la uani lilikuwa na kuta tatu za saruji mbele yake, na hakuna ruta ya dukani inayozishinda. Nilishauriwa ripita. Ripita ya kawaida hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo hugawa kasi nusu, na ukiiweka pale mawimbi yalipokufa inarudia ufu huohuo. Kama ni lazima uitumie, iweke katikati ya njia, panapopatikana −65 hivi. Meshi, yaani ruta kadhaa zinazofanya kazi kama mtandao mmoja, yenye redio ya tatu kwa ajili ya mawasiliano ya vifaa vyenyewe ni bora, na bei yake ni nzito. Waya unazishinda zote mbili.

Nilinunua Cat5e ya shaba, ambayo hubeba gigabiti hadi mita 100. Kuwa macho na waya wa alumini uliopakwa shaba: kwaruza uzi kwa kisu, ukiona rangi ya fedha ndani, rudisha. Wa nje uwe na ganda jeusi linalovumilia jua, au upitishe kwenye bomba la plastiki. Tundu la ukutani litoboe likiinama kidogo kuelekea nje, ili mvua ya masika isifuate waya kuingia ndani. Vichwa vya RJ45 vibane kwa mpangilio mmoja pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Klipu ikiwa chini na matundu ya nyaya yakikuelekea, hesabu kutoka kushoto.

Kule mwisho nikaweka ruta ya zamani, ile N300 niliyokuwa nimeilaani. Inageuzwa kuwa akses pointi hivi: iunganishe na kompyuta peke yake, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2 ikiwa ruta kuu ni 192.168.1.1, zima ugawaji wa anwani unaoandikwa DHCP, weka jina la Wi-Fi na nenosiri sawa na la ruta kuu, chagua chaneli tofauti. Ruta kuu ipo chaneli 1, hii nikaiweka 11. Punguza nguvu ya mawimbi yake hadi ya kati ili simu za sebuleni zisiing'ang'anie. Waya unaotoka kwenye ruta kuu uchomeke kwenye poti yake ya LAN, ile ya vifaa vya ndani, usitumie WAN.

Poti zake za megabiti 100 ni zaidi ya mara mbili ya kifurushi changu, kwa hiyo hazinipunguzii kitu. Nilisimama mbele ya jiko la mkaa na kupima mara tatu: 34, 36, 35.